Kompyuta Inapojizima Katikati ya Hesabu

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu, makarani na watunza hazina wa vyama vya msingi



 Mkaguzi anaposimama mbele ya mkutano, wengi hutazamia kusikia habari za hati za malipo, stakabadhi na mizani. Leo nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa sura ya nje ni la mafundi, lakini kwa undani wake ni la vitabu vyetu vilevile: kompyuta ya ofisi inayojizima ghafla wakati karani yumo kazini.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Katika vyama vyetu vingi daftari la siku hizi limo ndani ya kompyuta. Humo mna majina ya wanachama, kilo walizoleta, makato ya pembejeo na fedha wanazodai. Daftari la karatasi halizimiki. Kompyuta huzimika, na inapozimika kabla karani hajahifadhi kazi yake, kilo za mkulima zilizokuwa zikiandikwa hupotea pale pale. Mkulima huyo hajui habari za umeme wala za mitambo. Anachojua ni kwamba alileta magunia manne na orodha inasema matatu. Hapo ndipo maneno huanza, na maneno hayo humwelekea karani.

Kwanza tujiulize kompyuta zetu zimetoka wapi. Nyingi hazikununuliwa zikiwa kamili kutoka kiwandani. Zimeundwa na fundi wa mjini, au na kijana wa mwanachama nyumbani kwao, kwa sehemu zilizonunuliwa moja moja: kasha kutoka duka hili, pawa saplai kutoka duka lile, mazabodi iliyokwisha tumika, prosesa na feni yake, vipande vya ramu na diski. Jambo hili si la aibu. Tangu mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipotoa kanuni ya vipimo iitwayo ATX, sehemu za viwanda mbalimbali zimeweza kukaa pamoja katika kasha moja, na mwenye fedha kidogo ameweza kupata mtambo wa kumfaa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini tukumbuke tofauti moja. Mtambo wa kiwandani hujaribiwa ukiwa mzima kabla ya kuuzwa. Mtambo ulioundwa nyumbani aghalabu hujaribiwa ofisini mwetu, juu ya hesabu zetu. Kwa hiyo hapana budi sisi wenyewe tujue namna ya kuukagua.

Ukaguzi wowote huanza kwa kuandika. Mtambo ukianza kujizima, karani achukue daftari dogo la shule, aliweke kando ya kompyuta, na kila mara aandike mambo manne: tarehe na saa, muda uliopita tangu mtambo kuwashwa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na jambo lolote lililotokea katika jengo wakati huo, kama vile taa kufifia au mashine kuwashwa. Fundi anayeitwa bila maandishi haya hubahatisha, na kila anapobahatisha chama hulipa.

Pili, tutofautishe namna za kuzimika, kwa maana hazina sababu moja.

Namna ya kwanza ni giza la ghafla. Kioo hufa, feni husimama, na hakuna neno lolote lililoonyeshwa. Hapa twashuku umeme unaoingia, joto, pawa saplai, au waya zinazogusana mahali pasipotakiwa.

Namna ya pili ni kujiwasha upya. Kioo hugeuka, pengine huonyesha maandishi ya hitilafu kwa kitambo kidogo, kisha mtambo huanza tena. Hapa twashuku zaidi ramu, diski au programu, ingawa umeme dhaifu nao huweza kuleta dalili hiyo hiyo.

Namna ya tatu ni kufunga kwa utaratibu. Programu hujifunga moja moja, kisha mtambo huaga na kuzimika. Huko si kuharibika. Mtambo umepewa amri, ama na mtu aliyebonyeza swichi, ama na programu inayojisahihisha, ama na kisanduku cha betri ambacho mafundi hukiita UPS kilipoona betri yake inakwisha.

Mitambo inayotumia Windows huweka kumbukumbu zake yenyewe za matukio. Fundi aulizwe azifungue mbele ya katibu. Tukio lenye namba 41 lasema tu kwamba mtambo ulizimika bila kufungwa vizuri, halitaji mkosaji. Tukio lenye namba 1074 laonyesha kwamba mtu au programu ilitoa amri ya kuzima, na hutaja programu na jina la mtumiaji. Kumbukumbu hizi ni ushahidi, na mara nyingine humwondolea mtu lawama.

Sasa tuingie katika sababu zenyewe, tukianzia nje ya kasha na kwenda ndani, kwa kuwa yaliyo nje hayana gharama kuyachunguza.

Sababu ya kwanza ni umeme. Mitambo yetu hapa Tanzania imekusudiwa umeme wa volti 230. Kanuni ya ATX yaitaka pawa saplai ivumilie kukosa umeme kwa muda wa milisekunde 16 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kwa hiyo taa ikipepesa tu, kompyuta yaweza kuwa imekwisha zimika, na aliyekuwa akitazama karatasi asijue kwamba umeme ulipungua. Tazameni plagi na soketi. Soketi iliyolegea, iliyopata joto au iliyobadilika rangi ni hatari kwa kompyuta na kwa jengo zima. Tazameni pia ekstensheni: ile inayobeba kompyuta, birika la chai na chaja za simu za wajumbe wote haiwezi kuaminiwa.

Hapa nitatoa mfano. Katika chama kimoja cha msingi nilichokagua, ofisi imepakana na chumba cha mashine ya kukoboa. Kompyuta ilikuwa ikijizima mara kwa mara, na msimu wa malipo ulipokaribia ikaonekana kwamba maandishi ya mizani ya siku tatu hayamo. Wajumbe wawili wa bodi walikwisha shauri kwamba karani, ambaye ni binti wa miaka ishirini na mitatu, asimamishwe kazi, kwa hoja kwamba huzima mtambo kwa makusudi ili kuficha upungufu. Chama kilikuwa kimekwisha nunua pawa saplai mpya kwa ushauri wa fundi, na tatizo halikuondoka. Jambo hilo likawaongezea wajumbe hao imani kwamba mkosaji ni mtu.

Tuliomba uamuzi ungoje siku kumi, na daftari dogo liandikwe, si na karani peke yake bali na mlinzi pia. Daftari likaonyesha kwamba karibu kila mara kompyuta ilizimika katika dakika ile ile ambayo mashine ya kukoboa iliwashwa. Mota ya namna ile inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba kuliko inavyovuta ikiwa imekwisha shika mwendo. Fundi umeme alipoweka kipimo, volti katika soketi ya ofisi zilianguka kutoka 218 hadi chini ya 160 kwa kitambo kifupi mota ilipoanza. Ofisi na mashine zilikuwa zikinywa kutoka waya mmoja mwembamba.

Lakini daftari lilisema zaidi ya hapo. Mara mbili kompyuta ilizimika saa tisa alasiri, mashine ikiwa imefungwa. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mtambo mmoja waweza kuwa na maradhi mawili. Ugonjwa wa pili ulikuwa joto, nami nitaueleza hivi punde. Ofisi iliwekewa laini yake kutoka mita, feni ikakazwa, na stakabadhi za mizani za siku tatu zikaandikwa upya mbele ya kamati. Jumla ya kilo ikalingana na ghala. Karani yule yuko kazini hadi leo. Lau chama kingemfukuza, kingempoteza mtumishi mwaminifu, na kompyuta ingeendelea kuzimika kwa karani aliyefuata.

Kuhusu UPS, wengi huinunua na kudhani wamemaliza. Betri zake za risasi kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na katika ofisi yenye joto huchakaa mapema zaidi. Ijaribuni kila baada ya miezi mitatu: hifadhini kazi yote, fungeni vitabu, kisha chomoeni plagi ya UPS ukutani. Kompyuta ikizimika papo hapo, betri imekufa. Tena, msichomeke katika UPS mashine ya kuchapa ya leza. Mashine hiyo hupasha moto karatasi ili wino ushike, na wakati huo huvuta mamia ya wati kwa mara moja. Chama kikiona kwamba kompyuta huzimika kila inapochapa orodha ya malipo, kisimtafute mchawi. Kitazame kwanza mashine ya kuchapa imechomekwa wapi.

Sababu ya pili ni joto. Prosesa ni kipande kidogo kisichozidi kiganja cha mtoto, lakini hutoa joto jingi. Inapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, prosesa nyingi za siku hizi hupunguza mwendo, na joto likizidi hujizima ili zisiungue. Dalili zake ni hizi. Mtambo huanza vizuri asubuhi na kuzimika mchana. Ukiuwasha tena mara moja, huzimika mapema zaidi kuliko mwanzo. Ukiuacha upoe nusu saa, hudumu tena. Tena, kabla ya kuzimika huwa mzito, na feni hulia kwa nguvu.

Katika mitambo iliyoundwa nyumbani, joto hutokana na makosa yanayojulikana. Kipoza-joto kinachokaa juu ya prosesa mara nyingi hushikwa na miguu minne ya plastiki. Mguu mmoja usipoingia sawasawa, kipoza-joto huinama na kuacha nafasi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika chama nilichokitaja. Pengine fundi husahau kubandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza-joto kipya, na karatasi hiyo huzuia joto lisipite. Pengine pesti ya kupitisha joto imekauka au haikupakwa. Kipimo chake ni tone dogo kama punje ya njegere. Pengine feni imefungwa ikipuliza upande usiofaa. Na mara nyingi kuliko zote, ni vumbi. Ofisi zetu ziko karibu na maghala, na vumbi la mazao huziba mapezi ya kipoza-joto kama pamba. Mijusi na wadudu nao hupenda mahali penye joto.

Dawa yake ni rahisi. Zimeni mtambo, chomoeni waya wa umeme, fungueni ubavu wa kasha, mfagie vumbi kwa brashi laini, huku mkizuia feni kwa kidole isizunguke. Kasha lisikae sakafuni, lisisukumwe ukutani, wala lisifunikwe kitambaa cha kufuma likiwa linafanya kazi. Kitambaa hicho ni pambo la sebuleni.

Sababu ya tatu ni pawa saplai. Hii ndiyo ibadilishayo umeme wa ukutani kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3 ambazo sehemu za ndani hutumia. Kanuni ya ATX kwa miaka mingi haikukubali volti 12 zishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6, volti 5 nazo zisishuke chini ya 4.75 wala kupita 5.25. Vipimo hivi huonekana katika baiosi, yaani ule ukurasa wa mipangilio uonekanao mtambo unapoanza, ingawa kwa uhakika zaidi fundi hutumia mita yake. Dalili ya pawa saplai dhaifu ni kuzimika kazi inapokuwa nzito, wakati joto la prosesa ni la kawaida. Jihadharini na pawa saplai za bei ya chini mno, zinazoandikwa wati nyingi juu ya kibandiko bila kuwa na uwezo huo. Na katika zile za zamani, kuna swichi ndogo nyekundu nyuma yenye maandishi 115 na 230. Kwetu hapa iwe 230 daima. Ikiwekwa 115, mtambo waweza kuungua mara tu unapowashwa.

Nasema kwa mkazo: asiyefundishwa asiifungue pawa saplai. Ndani yake mna vihifadhi umeme vinavyobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Ikiwa mbovu, ibadilishwe nzima. Vilevile waya wa ardhi usikatwe kamwe ili plagi iingie katika soketi ya matundu mawili. Waya huo ndio umlindao karani anayeshika kasha la chuma.

Sababu ya nne ni namna mtambo ulivyofungwa. Mazabodi hukaa juu ya vijiti vifupi vya shaba. Kijiti kikiwekwa mahali pasipo tundu, hugusa mgongo wa mazabodi na kuleta shoti. Nayo pawa saplai hujizima ili kujiokoa. Skrubu iliyoanguka ndani na kusahauliwa huleta jambo hilo hilo. Waya mkubwa wenye pini 24, na ule wa prosesa wenye pini 4 au 8, lazima viingie mpaka vilie. Kama mtambo huzimika sekunde moja au mbili tu baada ya kuwashwa, anzeni hapa. Na kama huzimika kila mara baada ya sekunde nne au tano, itazameni swichi ya kuwashia. Swichi ikishikwa kwa sekunde nne mtambo hulazimika kuzimika. Basi ikikwama kwa uchafu, mtambo hudhani kuna kidole kinachoibonyeza. Shida hii ndogo imewahi kuwauzia watu mazabodi mpya.

Sababu ya tano ni ramu, na hasa kwa mitambo inayojiwasha upya. Vipande vya ramu vichomolewe, vifutwe penye meno kwa kitambaa kikavu, virudishwe kwa kukazwa. Ikiwa kuna vipande viwili, mtambo utumiwe na kimoja kimoja kwa zamu. Iko programu ya bure iitwayo Memtest86+ inayopima ramu usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, kipande hicho kisiaminiwe kwa hesabu za watu. Katika mazabodi za miaka ya 2000, tazameni pia vile vikopo vidogo vya duara: kilichovimba kichwa au kuvuja kimekufa.

Ndugu wanaushirika, katika kazi hii yote iko kanuni moja inayowashinda wengi: badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha feni, ramu na pawa saplai siku moja hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu, nanyi mtalipia vyote. Yafaa aazime pawa saplai nzima kutoka mtambo mwingine, aijaribu siku mbili, kisha ndipo bodi iidhinishe ununuzi. Kila sehemu iliyobadilishwa iandikwe katika rejesta ya mali, pamoja na tarehe, bei na namba ya stakabadhi, na sehemu ya zamani ibaki chamani. Mara nyingi nimekuta sehemu zimelipiwa lakini zilizotolewa hazionekani.

Sasa nageukia wajibu wetu, uwe mtambo umepona au haujapona.

Kwanza, stakabadhi ya mizani iandikwe kwa mkono, nakala moja kwa mkulima na nyingine chamani, hata kama kompyuta ni mpya. Stakabadhi ndiyo asili. Kompyuta ni nakala. Pili, karani ahifadhi kazi yake baada ya kila mkulima, asingoje mwisho wa foleni. Tatu, kila jioni nakala ya vitabu itolewe katika flashi mbili, moja ikae kabatini na nyingine itoke nje ya jengo kwa mtunza hazina. Flashi iliyo katika droo ya kompyuta ile ile haitusaidii moto ukitokea. Nne, mtambo unaojizima usitumike kuandaa malipo mpaka sababu yake ijulikane, kwa kuwa kuzimika katikati ya kuandika huweza kuharibu faili zima, wala si mstari mmoja tu.

Tano, na hili ndilo nililotaka hasa kulisema: bodi isimhukumu mtu kabla ya kuukagua mtambo. Wala simaanishi kwamba karani asiulizwe kamwe. Wako waliojificha nyuma ya kompyuta mbovu, na kumbukumbu za matukio pamoja na stakabadhi za mizani huwafichua hao kama zinavyowatakasa wengine. Ninachosema ni kwamba ushahidi utangulie uamuzi. Vyama vyetu vimejengwa juu ya imani ya mkulima kwamba kilo alizopima ndizo atakazolipwa, na juu ya imani ya mtumishi kwamba hatafukuzwa kwa kosa la waya. Imani hizo mbili zikivunjika, hakuna fundi wa kuziunga.

Kila chama kitakachorudi nyumbani leo kianze na mambo mawili yasiyohitaji fedha: daftari dogo kando ya kompyuta, na brashi ya kufutia vumbi. Kwa hayo mawili, matatizo mengi niliyoyataja yatajulikana kabla ya msimu wa malipo.